Pekosi za Babu, Singeli ya Mjukuu

  

Nimeombwa nizungumze juu ya burudani zetu, vioja vya magazetini na kuzeeka. Nimeyapokea maombi hayo kwa furaha, kwa sababu mambo haya matatu hukaa nyumba moja. Ukitaka kujua mtu ameanza kuzeeka, usihesabu mvi zake. Msikilize anavyouzungumzia muziki wa watoto wake.

Ninalo jambo moja la kuwaambia jioni ya leo. Kila kizazi hapa kwetu kimewahi kuitwa kizazi kilichopotea, na kila kizazi, kilipofika utu uzima, kilisahau kwamba kiliitwa hivyo. Kusahau huko hutuzeesha kuliko miaka yenyewe. Mzee anayeukumbuka ujana wake kwa ukweli, vituko vyake vyote vikiwemo, hukaa na vijana akasikilizwa. Anayeukumbuka kwa kuusafisha hubaki akizungumza peke yake.

WALIOPOTEA WA JUZI

Tuanze na habari za zamani. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio lililopewa jina la Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, vimini, mawigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana vingekuwa marufuku. Hata kabla siku hiyo haijafika, Kariakoo kulikuwa kumechafuka: vijana wa kiume waliwashusha wasichana kwenye mabasi na kuwazomea kwa sababu ya urefu wa sketi. Magazeti yalijaa barua za wasomaji. Wapo walioshangilia, na wapo waliouliza kama mavazi ya mabibi zetu, kabla majora ya pamba hayajafika, yalikuwa marefu kuliko hivyo vimini. Mwishoni mwa mwaka 1969 zamu ikaufikia muziki wa soul, nao ukapigwa marufuku Dar es Salaam.

Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Msichana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule alizaliwa mwaka 1949. Leo ni bibi, Mungu akimjalia uzima. Ndiye anayekaa barazani jioni na kumwambia mjukuu wake, "We mtoto, ndiyo nguo gani hiyo umevaa? Sisi enzi zetu hatukuwa hivyo." Bibi yangu mpenzi, enzi zenu viongozi wazima walikaa kikao kwa ajili ya magoti yenu! Mwambie mjukuu habari hiyo. Msimulie ulivyopanda basi huku ukiivuta sketi iteremke, na ulivyotazama pembeni kama wale vijana wapo kituoni. Atacheka, kisha atakuuliza swali la pili na la tatu, na hapo ndipo utakapopata nafasi ya kumwambia la maana juu ya nguo na heshima.

Akina babu nao wasijifiche. Miaka ya 70 ilileta pekosi, suruali iliyobana mapajani na kumwagika miguuni mpaka ikafagia njia. Ilileta viatu vya raizoni vilivyompandisha mtu mfupi akawa mrefu kwa usiku mmoja wa dansi. Ilileta nywele za afro, na chanuo limechomekwa humo humo kichwani, mchana kweupe. Picha zipo. Ziko ndani ya albamu za familia, chini ya karatasi ya nailoni, na wajukuu wameshaanza kuzipiga upya kwa simu na kuzisambaza. Wengine wanakwenda kwa fundi cherehani na picha hizo mkononi, wanataka washonewe vile vile.

Rudini nyuma zaidi, mtakuta mambo ni yale yale. Mwanzoni mwa karne ya 20 pwani yetu ilitekwa na ngoma ya beni, yenye magwaride, sare na tarumbeta, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vikishindana kwa mbwembwe na matumizi makubwa ya fedha. Wazee wakalalamika kwamba vijana wamekwisha. Vijana wale wakazeeka, wakawa na watoto waliopenda dansi la gitaa na saksafoni, na wao wakalalamika kwamba vijana wamekwisha.

Kisha ikaja zamu ya Bongo Fleva. Mwaka 1993 lilianzishwa kundi la Kwanza Unit. Mwaka 1995 Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kwa majina ya Mr. II na Sugu, alitoa albamu yake ya Ni Mimi. Wazazi wengi wa wakati huo waliuita muziki wa wahuni. Binti akionekana na kaseti yake, kesi inaitishwa sebuleni. Basi mwaka 2010 huyo Sugu akachaguliwa kuwa Mbunge wa Mbeya Mjini. Mwaka 2015 Profesa Jay akawa Mbunge wa Mikumi. Mwaka 2020 Mwana FA akashinda Muheza, na mwaka 2023 akateuliwa Naibu Waziri katika wizara yenye dhamana ya utamaduni, sanaa na michezo. Wale walioitwa wahuni tunasimama kuwapokea na kuwaita Waheshimiwa, na mashabiki wao wa mwanzo sasa wana watoto wanaosikiliza singeli kwa sauti ya juu. Nao, nawaambieni kweli, wanawagombeza watoto hao kwa maneno yale yale waliyogombezwa nayo.

MASIKIO NA KUMBUKUMBU

Kwa nini tunafanya hivi vizazi na vizazi? Sababu mojawapo imo ndani ya miili yetu.

Watafiti wa kumbukumbu wameona kwamba mtu mzima akiombwa asimulie maisha yake, mambo mengi anayoyakumbuka kwa uwazi hutoka katika kipindi cha kati ya miaka 10 na 30. Ndio wakati wa mambo ya kwanza: mapenzi ya kwanza, mshahara wa kwanza, safari ya kwanza ya kuondoka nyumbani. Nyimbo zilizokuwa zikipigwa wakati huo hushikamana na mambo hayo. Kwa hiyo babu anapofumba macho akisikiliza wimbo wa Marijani Rajabu au Mbaraka Mwinshehe, anasikia wimbo, na pamoja nao anamsikia yule msichana wa Magomeni aliyekataa barua yake. Wimbo wa mjukuu hauwezi kushindana na huo, kwa sababu hauna msichana ndani yake.

Sababu ya pili ni masikio yenyewe. Umri unaposogea, sauti nyembamba za juu ndizo zinazotangulia kupotea. Herufi kama s, f na t zinafifia, na maneno yanaingiliana. Mzee anaposema, "Muziki wa siku hizi hauna maneno, ni kelele tupu," mara nyingi anaeleza ukweli wa anachokisikia. Maneno yapo, ila kwake hayafiki. Nawaomba vijana mlijue hili, kwa maana ni jambo la upendo. Bibi akikuuliza mara tatu wimbo unasema nini, usimkatie kwa kumwambia, "Basi bibi, acha." Geuka, mtazame usoni, mtajie maneno polepole. Huenda ukagundua kwamba maneno hayo hayafai kutajwa mbele ya bibi, na hilo nalo ni somo.

Na vijana msidhani ninyi mko salama na ugonjwa huu wa kutamani ya zamani. Mwaka 2017 wasanii wa lebo ya Wasafi, akiwemo Diamond Platnumz, walitoa wimbo uitwao Zilipendwa, wa kukumbuka mambo yaliyopita na kupitwa na wakati. Diamond alizaliwa Oktoba 1989. Wimbo ulipotoka alikuwa hajatimiza miaka 28. Tangu lini mtu wa miaka 27 ana zilipendwa? Lakini watu walicheza, na wa miaka 20 nao walidai wanakumbuka. Uzee, ndugu zangu, hupiga hodi mapema kuliko tunavyodhani, na mara ya kwanza huja ukiwa unacheka na wenzako, mnakumbushana katuni mliyokuwa mkiangalia mkitoka shule.

MZEE ALIYEMO NDANI YA SINGELI

Naomba nisimame kidogo kwenye singeli, maana ndiyo inayolalamikiwa zaidi leo. Ni muziki uliozaliwa katika mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam, Tandale, Manzese, Mburahati na kwingineko, na mapigo yake mara nyingi hupita 200 kwa dakika. Moyo wa mtu aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100. Hivyo mzee anayesema singeli inampandisha presha ana hoja yake.

Lakini hebu sikilizeni kilichomo ndani. Mtayarishaji wa singeli huchukua kipande kifupi cha kinanda, mara nyingi cha taarabu, sekunde chache tu. Anakikata, anakizungusha kijirudie, kisha anakiongeza kasi mpaka sauti inakuwa nyembamba kama ya ndege. Juu yake anaweka ngoma. Ngoma hizo zimetoka kwenye mchiriku, na mchiriku ulitoka kwenye ngoma za Wazaramo, pale vijana wa Dar es Salaam walipoviunganisha vinanda vidogo vya Casio na spika zilizochakaa na kupiga kwenye shughuli za mitaani. Kisha anakuja mwimbaji anayeghani kwa kasi, akitaja watu kwa majina, akitoa vijembe, akisifia mtaa wake. Kughani, kutaja na kupiga vijembe ni kazi ambayo manju wetu waliifanya muda mrefu kabla ya umeme.

Kwa hiyo bibi anayeziba masikio harusini anaziba masikio yasimsikie bibi yake mwenyewe, aliyeongezwa kasi. Na dunia imeshalisikia hilo. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli uitwao Sounds of Sisso, na baada ya hapo vijana wa uswahilini wakaanza kualikwa kupiga kwenye matamasha ya Ulaya. Wazungu walilipa kiingilio kusikia kitu ambacho jirani za vijana hao huku walikuwa wakikiitia mjumbe wa nyumba kumi.

WALIOKATAA KUKAA

Sasa niwataje watu waliozeeka kwa namna ninayotamani sote tuige.

Wa kwanza ni Fatma binti Baraka, Bi Kidude wa Unguja. Hakuna aliyeijua tarehe yake ya kuzaliwa. Mwenyewe aliielekeza kwenye zama za rupia, sarafu iliyotumika Zanzibar hadi mwaka 1936. Alizijua nyimbo za Siti binti Saad, yule aliyerekodi santuri kule Bombay mwaka 1928, akazichukua na kuziimba kwa sauti yake nzito isiyofanana na ya mtu mwingine. Alikuwa pia somo wa unyago, mwalimu wa wari. Aliyewahi kumwona akipiga ngoma anajua: mwanamke mwembamba, mfupi, kanga imefungwa kiunoni, ngoma ndefu ya msondo imeinamishwa mbele yake, na viganja vinashuka kwa nguvu ambayo mtu hajui inatoka wapi. Wimbo ukiisha, sigara. Mwaka 2005, akiwa mtu mzima kuliko karibu kila aliyekuwa ukumbini, alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mjini Newcastle, Uingereza. Na uzee wake haukumzuia kuimba na wajukuu: vijana wa Offside Trick walimwita, akaingia studio na kuimba nao Ahmada, wimbo uliopigwa kwenye daladala na kwenye harusi. Alifariki Aprili 2013, na watoto waliozaliwa baada ya mwaka 2000 walilijua jina lake. Ni mabibi wangapi wanaojulikana na watoto wasio wajukuu zao?

Wa pili ni kundi zima. Mwaka 1993 Dar es Salaam ilianzishwa bendi iitwayo Shikamoo Jazz, iliyowakusanya wanamuziki wazee ambao bendi zao za zamani zilikuwa zimekufa. Alikuwemo Salum Zahoro, aliyevuma na Kiko Kids ya Tabora. Shirika la HelpAge International liliwasaidia kupata vyombo, navyo ndivyo walivyokuwa wamevikosa, maana ufundi walikuwa nao siku zote. Mwaka 1995 walikwenda kupiga Uingereza. Tafakarini jambo hili. Watu hawa walikuwa wamestaafishwa na ukosefu wa magitaa na vipaza sauti. Walipopewa, vidole vilikumbuka.

Wa tatu anatoka Kenya. Januari 2003 serikali ya Kenya ilifuta ada katika shule za msingi. Januari mwaka uliofuata, mzee Kimani Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau mwenye miaka 84, alikwenda Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, akaomba kuandikishwa darasa la kwanza. Akaambiwa mwanafunzi lazima awe na sare. Mzee akarudi na sare: kaptula, sweta na soksi ndefu mpaka magotini. Alikuwa na wajukuu katika shule hiyo hiyo, wakiwa madarasa ya juu yake. Alisema anataka kuisoma Biblia mwenyewe, kwa sababu hakuwa na hakika kama wahubiri wanaisoma sawasawa, na anataka kujua hesabu ili fedha zake asipunjwe. Habari hiyo ilianza kama kioja cha gazetini, picha ya kuchekesha ya babu katikati ya watoto. Mwaka 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuzungumza Umoja wa Mataifa juu ya elimu bila malipo. Mwaka huo huo akawa kiranja mkuu. Alifariki Agosti 2009 bila kumaliza shule ya msingi, na jina lake liliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kama mtu mzee kuliko wote kuanza shule ya msingi.

Na asiseme mtu kwamba Maruge alikuwa mmoja tu. Baada yake alikuja Bi Priscilla Sitienei wa Ndalat, mkunga wa jadi, aliyekaa darasani akiwa na zaidi ya miaka 90 pamoja na vitukuu vyake. Darasani humo walikuwemo watoto aliowapokea yeye mwenyewe siku ya kuzaliwa. Watu wakimwita Gogo, na filamu ya Kifaransa ya mwaka 2021 yenye jina hilo inasimulia maisha yake.

Wazee hawa hawakujifanya vijana. Bi Kidude hakuvaa nguo za kisichana, na Maruge hakuficha mvi. Walichokataa ni kuambiwa kwamba zamu yao ya kujifunza na kucheza imekwisha.

VIOJA NA SAUTI YA MZEE

Kuishi kwingi ni kuona mengi, na sisi tumeona. Vioja vya habari ndivyo vinavyoliunganisha baraza la wazee na kijiwe cha vijana, maana hapo kila mtu ana la kusema. Lakini vioja vina upande wa pili, nao unawahusu wazee hasa.

Mwaka 1995 Pemba ilivamiwa na habari za Popobawa, jini aliyesemekana kuwavamia watu waliolala ndani, kisha habari zikavuka bahari hadi Unguja. Familia zilitoa mikeka nje, zikalala uani kwa makundi, moto ukiwaka, watu wakikesha kwa mazungumzo. Ukimsikiliza mtu aliyekuwa mtoto wakati huo atakusimulia kwa kicheko: mara ya kwanza mtaa mzima kulala pamoja, hakuna anayefukuzwa kwenda kitandani. Lakini hofu ile ile ilimwua mtu. Mgeni asiye na hatia alishukiwa kuwa ndiye Popobawa, akauawa na kundi la watu wenye hasira. Habari ya kuchekesha ikaishia kaburini.

Mwaka 2011 ikaja zamu ya Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, tuliyemwita Babu, aliyekuwa ameshapita miaka 70, alisema Mungu amemwotesha dawa ya mti uitwao mugariga. Kikombe kimoja kiliuzwa shilingi 500. Nchi nzima ilihamia kijiji chake cha Samunge, huko Loliondo. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na humo walikuwemo wakulima, matajiri na wakubwa wa serikali. Mitaani kila tatizo likapatiwa kikombe: timu ikifungwa, ipelekwe kwa Babu, mume akichelewa kurudi, kikombe. Tulicheka sana. Lakini wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa kuamini wamepona, na wapo waliofia kwenye foleni.

Kwa nini tuliamini haraka vile? Sababu zilikuwa nyingi, mojawapo ni kwamba aliyesema alikuwa mzee, mpole, tena mtumishi wa Mungu. Tumelelewa tukiambiwa kwamba penye wazee haliharibiki neno. Nalipenda neno hilo na nalitetea, lakini lina masharti: linamtaka mzee apime kabla ya kusema, na linamwacha kijana aulize bila kuonekana mkosefu wa adabu.

Hili lina uzito zaidi leo, kwa sababu wazee wetu wameingia WhatsApp. Nami nafurahi kwamba wameingia. Napenda salamu zao za asubuhi zenye picha ya waridi na kikombe cha chai. Napenda simu zao za video ambazo huoni uso, unaona paji la uso na feni ya darini. Napenda sauti zao ndefu wanazorekodi, zinazoanza kwa salamu kwa kila mtu nyumbani kwa jina, zikapita kwenye mvua na bei ya mahindi, na kulifikia jambo lenyewe mwishoni kabisa. Hizo ni hadithi za jioni zilizopata njia mpya, na kijana mwenye busara hazifuti.

Lakini kwenye makundi ya familia hayo hayo ndipo zinapopita habari za msanii aliyezushiwa kifo, juisi inayomaliza kisukari kwa siku saba, na ujumbe wa kutuma kwa watu kumi la sivyo balaa. Ujumbe kama huo ukitumwa na kijana, watu wanauliza. Ukitumwa na shangazi mkubwa, watu wanatuma mbele. Wazee wangu, kauli yenu bado ina uzito hata kwenye simu. Kabla ya kubonyeza, ulizeni: nani kasema, lini, na aliyethibitisha ni nani? Nanyi vijana, shangazi akikosea, msimwaibishe mbele ya kundi zima. Mpigieni pembeni, anzeni na shikamoo, mwelezeni, kisha mwacheni afute mwenyewe.

DENI

Nimalizie na deni.

Mwaka 1964 ilianzishwa NUTA Jazz Band, ambayo jina lake lilibadilika kadiri jumuiya ya wafanyakazi ilivyobadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mmoja wa waasisi wake alikuwa Muhidin Maalim Gurumo, sauti iliyowafundisha Watanzania wengi namna ya kupenda, kuonya na kusameheana. Aliimba huko, akahamia Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978, akapita bendi nyingine, akarejea Msondo. Mwaka 2013 alipotangaza kustaafu, baada ya nusu karne ya kazi, ilijulikana kwamba hana hata gari. Diamond Platnumz alimwalika kwenye uzinduzi wa video yake, akamkabidhi ufunguo wa gari mbele ya watu. Aprili 2014 Mzee Gurumo akafariki.

Kitendo cha Diamond kilikuwa cha kiungwana, na nakisifu kwa moyo wote. Ila tujiulize kwa nini ilibidi iwe zawadi. Nyimbo za Gurumo zilipigwa redioni kila wiki kwa miaka 50. Zilipigwa kwenye harusi, baa na mabasi. Kama kila aliyezitumia angelilipa kidogo, mzee angelijinunulia gari mwenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Wajukuu wengi wa wanamuziki wetu hawajui kwamba wana haki hiyo.

Zanzibar, Pensheni Jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefikisha miaka 70 ilianza Aprili 2016. Ilikuwa hatua njema sana, na ilikuja miaka mitatu baada ya Bi Kidude kutuacha. Tumekuwa hodari wa kuwaenzi wasanii wetu msibani. Tunakodi maturubai, tunapanga foleni kutoa hotuba, tunapiga nyimbo zao siku tatu mfululizo. Shikamoo Jazz ilituonyesha kwamba gitaa moja linalotolewa mtu angali hai linazidi hayo yote.

Basi nina maombi machache, na nayatoa kwa dhati.

Wazee wangu, waambieni wajukuu ukweli wa ujana wenu, pekosi na vimini vikiwemo. Jifunzeni wimbo mmoja wa watoto wa nyumbani, mmoja tu, mpaka muujue kiitikio. Mkialikwa kucheza harusini, msiseme, "Tuacheni, sisi tumeshazeeka." Simameni, hata kwa dakika mbili.

Wenye kumbi, redio na matamasha, wekeni mzee mmoja katika kila onyesho la vijana, na mlipeni kama mnavyowalipa wengine.

Nanyi vijana wangu, simu mlizonazo mikononi zina uwezo wa kurekodi sauti. Mwishoni mwa juma hili mkaeni karibu na babu au bibi, mwombeni aimbe wimbo mmoja wa ujana wake. Ulizeni nani aliutunga, uliimbwa wapi, mwaka gani, na walikuwa wakiuchezaje. Andikeni majina hayo pamoja na sauti, hifadhini zaidi ya sehemu moja, na mkizitumia kutengeneza wimbo wenu, mtajeni mzee na mgawieni haki yake. Fanyeni hivyo juma hili, akiwa bado anaweza kuwasahihisha.